UBISHI WA MAASKOFU: KARTHAGO NA ROMA



Tuanze na jambo mnalolijua. Binti amebatizwa utotoni katika kanisa moja. Anapata mchumba wa kanisa jingine. Wazee wa upande wa mchumba wanasema: "Kwetu hapa ubatizo wako hauhesabiki. Lazima ubatizwe upya." Mama yake binti anakasirika. "Kwani mwanangu alikuwa mpagani siku zote hizi?" Basi kikao cha posa kinageuka kuwa kikao cha dini. Nani ataamua? Mmoja anasema kila askofu aamue kwake. Mwingine anasema hapana, yuko mkubwa mmoja, Papa wa Roma, akisema yeye imekwisha.

Ubishi huo si wa jana. Una miaka zaidi ya 1,750. Tena uliwaka sana hapa hapa Afrika, upande wa kaskazini, katika mji wa Karthago. Leo magofu ya mji huo yako nchini Tunisia, pembeni ya mji mkuu wa Tunis. Tunawaletea habari hiyo. Hatumhubirii mtu. Wasomaji wetu ni wa dini mbalimbali, na kila mmoja anaweza kufaidika kujua mambo yalikwendaje.

WAKATI ULE MAMBO YALIKUWAJE

Turudi nyuma hadi mwaka 250 hivi. Nchi zote zinazozunguka Bahari ya Kati zilikuwa chini ya serikali moja, serikali ya Roma. Mtawala wake aliitwa Kaisari. Wakristo walikuwa wachache. Hawakuwa na makanisa makubwa yenye minara na kengele. Wengi walikutana majumbani. Kila mji wenye Wakristo ulikuwa na askofu wake mmoja, na chini yake mapadre na mashemasi. Askofu akifa, Wakristo wa mji ule walikusanyika, maaskofu wa miji ya jirani wakaja, na mtu akachaguliwa mbele ya watu.

Je, Papa alikuwapo? Askofu wa Roma alikuwapo, tena aliheshimiwa sana. Roma ndiyo iliyokuwa makao ya serikali. Lakini kubwa zaidi ni kwamba Wakristo waliamini mitume Petro na Paulo waliuawa huko na kuzikwa huko. Karibu mwaka 96 kanisa la Roma liliwaandikia Wakristo wa Korintho, kule Ugiriki, kuwakanya kwa kuwa waliwaondoa wazee wao wa kanisa. Karibu mwaka 190 askofu Victor wa Roma alitaka kuwatenga Wakristo wa Asia Ndogo, kwa sababu walisherehekea Pasaka siku tofauti na Roma. Maaskofu wengine, hata wale waliokubaliana naye juu ya siku yenyewe, walimwambia aende polepole. Mnaona basi. Sauti ya Roma ilikuwa kubwa. Lakini kusikilizwa ni jambo moja, na kutiiwa ni jingine.

Hata hilo neno "Papa" lilikuwa bado si la mtu mmoja. Maana yake ni baba tu. Mapadre wa Roma wenyewe walipomwandikia askofu wa Karthago walimwita Papa. Na hadi leo mkuu wa kanisa la Wakopti kule Misri anaitwa Papa, naye hayuko chini ya Roma.

CHETI CHA KUTAMBIKA

Askofu wa Karthago aliitwa Sipriani. Alikuwa mtu mwenye mali na msomi, mwalimu wa kusema mbele ya watu. Aliingia Ukristo akiwa mtu mzima, akagawa sehemu kubwa ya mali yake kwa maskini. Hata miaka mitatu haikupita sana, watu wakamchagua awe askofu. Mapadre watano wazee hawakupenda. Walimwona mgeni aliyewarukia. Kinyongo hicho kilikuja kuleta taabu baadaye.

Mwaka 249 Kaisari mpya aitwaye Decius alishika madaraka. Nchi ilikuwa na vita mipakani na mambo yalikuwa mabaya. Akatoa amri kwamba kila mtu lazima atambikie miungu ya Roma, amwage divai, aonje nyama ya sadaka. Kisha apewe cheti cha kuonyesha kwamba ametambika. Asiyekuwa na cheti akamatwe.

Vyeti hivyo vipo mpaka leo. Zaidi ya 40 vimefukuliwa katika mchanga wa Misri, vimeandikwa juu ya mafunjo. Kimoja ni cha mzee wa miaka 72, mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia, mtu wa kijijini kabisa. Kinasema yeye siku zote ametambika, na sasa ametambika tena mbele ya wajumbe, na anaomba wathibitishe. Kimeandikwa mwezi wa Juni mwaka 250. Vyeti vingine viliandikwa na makarani kwa niaba ya watu wasiojua kusoma. Fikirini ndugu zetu mliopita kisomo: mtu anashikishwa karatasi inayosema habari za imani yake, na yeye mwenyewe hawezi kuisoma.

Wakristo walifanya nini? Wengine walikataa, wakafungwa, wakateswa, wakafa. Askofu Fabiano wa Roma alikufa mapema, mwezi wa Januari mwaka 250. Wengine waliogopa, wakaenda kutambika, tena huko Karthago walikwenda wengi mno siku za mwanzo. Na wengine walifanya ujanja. Hawakutambika, lakini walimpa karani chochote, naye akawaandikia cheti. Kumbe mchezo wa kununua karatasi ni wa zamani hivyo!

Sipriani mwenyewe alikimbia. Alijificha zaidi ya mwaka mmoja, huku akiliongoza kanisa kwa barua. Maadui zake walisema: mchungaji gani huyu anayekimbia simba na kuwaacha kondoo? Yeye alijibu kwamba angebaki mjini angeleta ghasia juu ya watu wote. Sisi hatuwezi kumhukumu. Lakini jambo hili lilimpunguzia heshima mbele ya watu waliobaki na kufungwa.

WALIOANGUKA WAREJEE?

Dhiki ilipopungua, wale walioanguka walitaka kurudi kanisani. Walikuwa wengi. Na hapo ndipo shida ya uongozi ilipoanza hasa, maana watu waliuliza: nani mwenye mamlaka ya kumsamehe mtu aliyemkana Mungu wake mbele ya watu?

Watu waliofungwa na kuteswa kwa ajili ya imani waliheshimiwa mno. Wakaanza kuandika barua za msamaha. Barua inasema fulani apokewe kanisani pamoja na watu wake. Pamoja na watu wake! Sipriani alilalamika kwamba kwa barua moja ya namna hiyo wangeweza kuingia watu ishirini, thelathini au zaidi. Na wale mapadre watano? Wengine kati yao walizipokea barua hizo kwa furaha, wakawakaribisha watu mezani pa Bwana bila kumngoja askofu.

Sipriani alirudi mjini mwaka 251 akaita mkutano wa maaskofu wa Afrika. Wakapatana njia ya katikati. Aliyenunua cheti bila kutambika achunguzwe, afanye toba, apokewe. Aliyetambika kweli afanye toba ndefu, apokewe akikaribia kufa. Baadaye kidogo, kwa kuogopa dhiki nyingine, hao nao walipokewa.

Kule Roma mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 251 walimchagua Kornelio awe askofu. Lakini palikuwa na padri mmoja msomi sana aitwaye Novatian. Huyu alisema kanisa halina ruhusa ya kumpokea tena mtu aliyetambika. Wafuasi wake wakamfanya naye kuwa askofu. Mji mmoja, maaskofu wawili! Kornelio aliandika kwamba Novatian aliwaita maaskofu watatu wa shamba, akawalevya, kisha akawaambia wamwekee mikono. Haya ni maneno ya mpinzani wake, kwa hiyo tuyachukue kwa tahadhari. Katika barua hiyo hiyo Kornelio anataja ukubwa wa kanisa lake: mapadre 46, mashemasi 7, na wajane na maskini zaidi ya 1,500 waliokuwa wakilishwa. Kwa hiyo si kiti kidogo walichokuwa wakigombania.

Kila upande uliandika barua kwenda Karthago kuomba kutambuliwa. Sipriani alichunguza kwanza. Alipopata habari za maaskofu waliokuwapo kwenye uchaguzi, akasimama na Kornelio. Hapo Roma ilihitaji msaada wa Karthago, na iliupata.

KITABU CHENYE MAANDIKO MAWILI

Katika siku hizo Sipriani aliandika kitabu kidogo juu ya umoja wa kanisa. Humo anaeleza maneno ya Yesu kwa Petro, yale ya mwamba na ya funguo. Anasema Yesu alianza na mtu mmoja ili kuonyesha kwamba kanisa ni moja, ingawa mitume wengine walipewa uwezo ule ule.

Sasa hapa pana jambo la ajabu kidogo. Nakala za zamani za kitabu hicho hazifanani. Katika sura ya nne, nakala nyingine zinataja ukuu wa Petro na kiti cha Petro. Nyingine hazitaji ukuu huo. Kwa muda mrefu watu walituhumiana. Waprotestanti walisema Wakatoliki wameongeza maneno. Wakatoliki walisema wengine wameyafuta. Siku hizi wataalamu wengi wanaona kwamba maandiko yote mawili ni ya Sipriani mwenyewe. Aliandika mara ya kwanza akiwa na maana yake. Baadaye watu wa Roma walipoanza kuyatumia maneno yale kwa maana nyingine, akayabadilisha. Sisi tunaona maelezo hayo yana akili, kwa sababu yanalingana na yaliyotokea baadaye.

Sipriani alisema nini hasa? Alisema uaskofu ni mmoja, na kila askofu ana sehemu yake ndani ya ule mmoja. Hakuna askofu aliye bosi wa askofu mwenzake. Kila mmoja atatoa hesabu kwa Mungu. Na wakihitilafiana wakutane.

STEFANO ANAINGIA

Kornelio alifukuzwa na serikali akafia uhamishoni mwaka 253. Aliyemfuata, Lucius, hakukaa muda mrefu. Mwaka 254 akaingia Stefano. Huyu alikuwa mtu wa msimamo mkali.

Kwanza lilitokea jambo la Hispania. Maaskofu wawili wa huko, Basilides na Martialis, waliondolewa na watu wao kwa sababu walichukua vile vyeti. Basilides akasafiri hadi Roma, akamweleza Stefano habari zake kwa jinsi alivyopenda yeye. Stefano akamrudishia heshima yake. Wakristo wa Hispania wakashangaa. Wakaandika Karthago. Sipriani akakaa na maaskofu wenzake, jumla 37, wakajibu kwamba watu walifanya sawa kuwaondoa, na kwamba Stefano yuko mbali na amedanganywa. Walisema hivyo waziwazi.

Lakini msidhani Sipriani hakutaka Roma iwe na kazi yoyote. Wakati huo huo, katika mji wa Arles kusini mwa Ufaransa ya leo, askofu Marcianus aliungana na Novatian. Walioanguka walikuwa wakifa bila kupewa msamaha. Sipriani alimwandikia nani? Alimwandikia Stefano. Akamhimiza aandike barua kali huko ili Marcianus aondolewe na mwingine achaguliwe. Hapo Sipriani anatutatiza. Roma ikifanya analolipenda ni vizuri, ikifanya asilolipenda iko mbali na imedanganywa? Mtu wa Roma angeweza kumwuliza hivyo. Sisi tungependa kusikia jibu lake.

MAJI YA UBATIZO

Sasa tumefika kwenye kiini. Wafuasi wa Novatian walikuwa na kanisa lao, wakibatiza watu wapya. Baada ya muda baadhi ya watu hao walitaka kuhamia kanisa la Kornelio na la Sipriani. Je, wabatizwe tena?

Sipriani alisema ndiyo. Tena alisema si kubatizwa mara ya pili, bali ni mara ya kwanza, maana kule hawakupata kitu. Hoja yake ilikuwa hivi: ubatizo ni wa kanisa, na kanisa ni moja. Aliyetoka nje ya kanisa hana Roho Mtakatifu. Asichokuwa nacho atakitoaje? Afrika walikuwa na desturi hiyo tangu miaka mingi, mkutano wa askofu Agrippinus ulikwisha kuipitisha.

Stefano alisema hapana. Kama mtu amebatizwa kwa maji na kwa jina linalotakiwa, basi amebatizwa. Nguvu ni ya jina lile, si ya mkono wa mtu. Akija kwetu awekewe mikono tu kwa ajili ya toba. Ndivyo Roma walivyofanya tangu zamani, na mambo mapya hayatakiwi.

Mnaona uzito wake. Kama Sipriani ana haki, maelfu ya watu waliodhani wamebatizwa hawajabatizwa, na waliokufa hivyo wamekufa hivyo. Kama Stefano ana haki, basi Waafrika wamekuwa wakiwamwagia watu maji mara mbili na kuudharau ubatizo. Hakuna upande ambao ungeweza kusema "basi yaishe, ni jambo dogo".

Maaskofu 31 wa Afrika walikutana mwaka 255. Mwaka 256 wakakutana 71. Wote walisema wabatizwe. Wakampelekea Stefano barua. Yeye akajibu kwa ukali. Aliamuru desturi ya Roma ifuatwe, na akasema yeye amekalia kiti cha Petro. Kwa kadiri ya maandishi tuliyo nayo, huyu ndiye askofu wa kwanza wa Roma anayejulikana kuyatumia maneno ya Yesu kwa Petro kuwa hoja ya mamlaka yake juu ya wengine. Kwa hiyo mwaka 256 ni mwaka wa kukumbukwa katika habari za Upapa.

Sipriani alijibu kwamba desturi peke yake haitoshi, lazima ipimwe na ukweli. Akakumbusha kwamba Paulo alipomkosoa Petro juu ya tohara, Petro hakusema "mimi ni mkubwa, nyamaza".

Lakini tuwe waangalifu. Barua ya Stefano yenyewe imepotea. Tunayajua maneno yake kwa sababu wapinzani wake waliyanukuu ili wayapinge. Ni kama kusikiliza shauri barazani wakati mdaiwa hayupo.

MKUTANO WA WATU 87

Tarehe 1 Septemba mwaka 256 ulifanyika mkutano mkubwa Karthago. Walikuja maaskofu kutoka nchi ambazo leo ni Tunisia, Algeria na Libya. Mapadre na mashemasi walikuwapo, na watu wengi walisimama kusikiliza. Makarani waliandika maneno ya kila mmoja, na maandishi hayo tunayo hadi leo. Huo ni mkutano wa Waafrika wa zamani sana ambao tunaweza kusoma kila mjumbe alisema nini.

Sipriani alifungua mkutano kwa maneno machache. Alisema kila mtu aseme anavyoona, na asiyekubaliana na wenzake hatatengwa wala kuhukumiwa. Akaongeza kwamba hapo hakuna anayejifanya askofu wa maaskofu na kuwatisha wenzake ili wamtii. Hakutaja jina. Lakini kila aliyekuwapo alijua jiwe hilo limetupwa wapi.

Kisha wakasema mmoja mmoja. Wengine walisema maneno mengi, wengine sentensi moja tu wakakaa. Askofu Natalis wa Oea, mji ambao leo ni Tripoli, alijisemea yeye mwenyewe na pia akatoa kura za wenzake wawili wa Libya ambao hawakuweza kufika. Ndiyo maana kura zilikuwa 87. Zote zilikuwa upande wa Sipriani.

Je, kura hizo zilikuwa huru kweli? Watu walikwisha kujua mwenyekiti anataka nini. Nasi tumewahi kukaa kwenye mikutano ambapo mikono yote inapanda pamoja. Hata hivyo hakuna dalili kwamba mtu alitishwa, na desturi ile ilikuwa yao tangu zamani.

Wajumbe wakavuka bahari kwenda Roma, karibu kilometa 600. Stefano alikataa kuwapokea. Si hivyo tu. Aliwakataza Wakristo wa Roma wasiwakaribishe majumbani mwao. Maaskofu wametoka safari ya baharini, wanafika mji wa ndugu zao wa imani, hakuna hata wa kuwapa mahali pa kulala! Habari hii tunaipata katika barua ya askofu Firmilian wa Kaisaria ya Kapadokia, katika nchi ya Uturuki ya leo. Firmilian naye alikuwa na desturi kama ya Afrika, na Stefano alimtishia yeye pia. Barua yake ni kali kama pilipili. Anasema Stefano, kwa kutaka kuwatenga wote, amejitenga yeye mwenyewe. Anasema pia kwamba Stefano alimwita Sipriani mtume wa uongo.

Huko Aleksandria, Misri, askofu Dionysius alikuwa akiandika barua kwenda Roma kuomba amani. Yeye mwenyewe aliona neno la Stefano juu ya ubatizo lina maana, lakini hakuona sababu ya kuvunja udugu na makanisa mengi hivyo. Tunampenda mzee huyu. Katika ugomvi huu wote ni yeye aliyeweza kutenganisha maswali mawili: nani ana haki juu ya maji, na nani ana haki ya kuwaamuru wengine.

Je, Stefano alimtenga Sipriani kabisa, au alitishia tu? Wanahistoria bado wanabishana.

UPANGA WAAMUA KWA MUDA

Serikali haikungoja wamalize. Mwaka 257 Kaisari Valerian alianza kuwakamata maaskofu. Stefano alikufa mwezi wa Agosti mwaka huo. Aliyemfuata, Sisto wa Pili, alikuwa mpole, na barua kali zikakoma. Tarehe 6 Agosti mwaka 258 Sisto alikamatwa na kuuawa pamoja na mashemasi wake.

Sipriani alikuwa amepelekwa uhamishoni katika mji mdogo wa pwani. Safari hii hakukimbia. Aliporudishwa Karthago alikaa akingoja. Tarehe 14 Septemba mwaka 258 liwali alimsomea hukumu ya kukatwa kichwa. Watu walikuwa wamejaa mpaka wengine wakapanda juu ya miti waone. Sipriani aliagiza mwuaji wake apewe vipande 25 vya dhahabu, akajifunga mwenyewe kitambaa machoni. Wale waliosema zamani kwamba ni mwoga walinyamaza.

KISHA IKAWAJE?

Juu ya ubatizo, Stefano alishinda, ingawa hakuuona ushindi wake. Mwaka 314 maaskofu walikutana Arles na kuamua kwamba aliyebatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu asibatizwe tena, awekewe mikono tu. Wakati huo kanisa la Afrika lilikuwa limegawanyika vibaya. Kundi lililoitwa Wadonatisti liliendelea kubatiza upya, likisema linamfuata Sipriani. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliwajibu kwa miaka mingi. Alisema Sipriani alikosea juu ya maji, lakini hakuvunja umoja, na ninyi mmeuvunja.

Nasi kwa maoni yetu, yule mama wa binti tuliyemtaja mwanzoni angempenda Stefano. Kama ubatizo unategemea usafi wa mkono wa anayebatiza, nani atalala usingizi? Lakini mtu anaweza kuwa na haki juu ya jambo lenyewe na akakosea namna ya kuwatendea wenzake. Kuwafungia wajumbe mlango si hoja.

Juu ya mamlaka, Afrika haikukubali upesi hivyo. Karibu mwaka 418 padri Apiarius, wa mji ambao leo unaitwa El Kef nchini Tunisia, alitengwa na askofu wake kwa makosa yake. Akakimbilia Roma, na Papa Zosimus akamsikiliza. Roma ilisema ina haki hiyo kwa sheria ya mkutano mkuu wa Nisea wa mwaka 325. Waafrika wakatazama nakala zao, hawakuiona. Wakaagiza nakala Aleksandria na Konstantinopoli. Huko nako haikuwamo. Kumbe ilikuwa sheria ya mkutano mwingine, wa Serdika. Baadaye Apiarius mwenyewe aliungama makosa yake, na maaskofu wa Afrika wakamwandikia Papa Celestine kumwomba asipokee tena kwa urahisi watu wanaokimbia hukumu ya kwao.

Miaka mingi ilipita kabla mamlaka ya Papa hayajawa kama yalivyo sasa. Makanisa ya Mashariki yaligawanyika na Roma, na watu hutaja mwaka 1054. Waprotestanti walianza kutoka kuanzia mwaka 1517. Mwaka 1870, katika Mtaguso wa Vatikano, Wakatoliki walitangaza rasmi kwamba Papa ana mamlaka juu ya kanisa lote. Na pande zote tatu zinamtaja Sipriani. Wakatoliki wanaonyesha maneno yake juu ya kiti cha Petro. Waorthodoksi wanaonyesha mkutano wake wa maaskofu. Waprotestanti wanaonyesha ile hotuba yake ya ufunguzi.

Kwa yule binti na mchumba wake, mambo yako hivi. Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana kwa kawaida hawarudii ubatizo uliofanywa kwa maji na kwa majina yale matatu. Mtu ataombwa alete cheti cha ubatizo. Makanisa yanayobatiza watu wazima tu, kwa kuzamisha, mengi yao yatamwambia abatizwe, kwa sababu hayauhesabu ubatizo wa mtoto mchanga. Sababu yao si ile ya Sipriani, ila anayeambiwa hivyo huumia vile vile.

Na wale wazee wenyewe? Katika sala moja ya zamani ya Misa ya Kikatoliki iko orodha ya watakatifu. Wanatajwa Sisto, Kornelio, kisha Sipriani, Mwafrika huyo, mara baada ya maaskofu wa Roma. Sikukuu ya Kornelio na Sipriani huadhimishwa siku moja, tarehe 16 Septemba. Askofu Stefano hayumo katika orodha hiyo. Ana siku yake peke yake, tarehe 2 Agosti.